Haki ya Mtu Si Uwanja wa Mchezo



Mwezi uliopita, kijana mmoja wa darsa letu anayesoma sheria chuoni alisimama baada ya sala ya Isha akatutolea rai iliyotushughulisha mpaka leo. Alisema: Vijana wenzangu hawaji darsani, na wakija hawakai. Walakini hao hao hukesha na simu zao wakitazama mashindano ya kila namna: ya kupika, ya kuimba, ya kufanya biashara. Kwa nini basi nasi tusifanye mashindano ya sheria? Tuwachukue wanafunzi wanane wa sheria, tuwagawanye makundi mawili, tuwape magomvi ya kweli ya watu wa mitaa yetu, mzee mwenye elimu awe mwamuzi, kila wiki atakayepungukiwa atoke, na atakayebaki mwisho apewe tunzo. Na yote yapigwe picha, watu watazame na wajifunze. Akaongeza ya kuwa kesi ya kwanza amekwisha ipata: mama mmoja mjane aliyegombana na jirani yake kwa ajili ya ukuta.

Wengi walifurahi. Nami sitaficha, nilikuwa miongoni mwao, kwani ni nani asiyependa kuona darsa limejaa? Lakini mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote aliuliza swali moja tu: "Na huyo mama, mwanangu, yeye atashindania nini?"

Kijana hakuwa na jawabu, wala sisi hatukuwa nalo. Wenzangu wameniomba nilitafute, na haya ndiyo niliyoyapata.

Jambo aliloliwaza kijana wetu si geni duniani. Wamarekani walikwisha lijaribu, na yafaa tulitazame lao kabla ya kuanza letu, kwani mwenye akili hufunzwa na safari ya mwenziwe. Tarehe 28 Julai 2005, kampuni ya televisheni ya NBC ilianza kuonyesha mashindano yaliyoitwa The Law Firm. Aliyeyabuni, David E. Kelley, hakuwa mgeni wa mambo haya. Yeye mwenyewe alikuwa wakili mjini Boston kabla ya kuwa mtungaji wa michezo ya televisheni, na michezo yake mingi, kama The Practice na Ally McBeal, ilihusu mawakili. Michezo hiyo ilikuwa ya kubuni. Hii ya 2005 haikuwa ya kubuni. Mawakili 12 waliohitimu waligawanywa wakapewa kesi za kweli za watu wa kweli. Wakazisema mbele ya mahakimu na mbele ya raia waliowekwa kusikiliza na kukata shauri, na uamuzi uliotoka uliwafunga wenye kesi kwa mujibu wa sheria. Juu ya mawakili hao alikuwako Roy Black, wakili mashuhuri wa Miami, aliyefariki mwaka wa 2025. Yeye aliwatazama wakifanya kazi, akawa akiwatoa aliowaona wamepungukiwa, na atakayesalia mwisho alikuwa ameahidiwa dola 250,000. Mtindo huu wa kutoa watu ulikuwa umekwisha pata sifa mwaka mmoja nyuma, 2004, katika mashindano ya wafanya biashara yaitwayo The Apprentice, yaliyosimamiwa na Donald Trump na kuonyeshwa na kampuni hiyo hiyo.

Huenda msomaji akauliza: Yawezekanaje hukumu ya televisheni kumfunga mtu? Jawabu ni kuwa sheria ya huko, kama zilivyo sheria za nchi nyingi, huwaruhusu watu wawili wanaogombana kukubaliana kwa hiari yao kumweka mtu awe mwamuzi baina yao, na atakalolikata litasimama. Juu ya msingi huu Wamarekani walikuwa wamejenga vipindi tangu zamani. Mwaka wa 1981 kilianza The People's Court, ambamo hakimu mstaafu Joseph Wapner alikata magomvi madogo madogo mbele ya kamera. Mwaka wa 1996 kilianza Judge Judy cha Judith Sheindlin, aliyekuwa hakimu wa mahakama ya mambo ya jamaa mjini New York, nacho kikaendelea hadi 2021. Humo hukumu haikupita dola 5,000, na fedha hizo zililipwa na wenye kipindi wala si na aliyeshindwa. Basi aliyeshindwa alitoka bila ya kutoa hata senti moja. Alilipa kwa uso wake.

Insafu yatutaka tuanze na mema, maana anayetaja aibu peke yake hana tofauti na anayesifu bila ya kutazama.

Jema la kwanza ni kuwa mashindano kama haya humfungulia mtu wa kawaida mlango anaouogopa. Watu wetu wengi waijua mahakama kwa nje tu. Wajua ngazi zake, wamjua askari wa mlangoni, na wajua ya kwamba mwenye kuingia humo hutoka baada ya miaka. Yanayotendeka ndani hawayajui. Anayetazama wakili akiitayarisha kesi hujifunza ya kuwa anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, kanuni ambayo fiqihi yetu nayo imeisimamisha tangu zamani. Hujifunza ya kuwa shahidi huulizwa na pande zote mbili, na kwamba neno la aliyeona si sawa na neno la aliyesikia kwa fulani. Mtu aliyeyajua haya hatarukia kutia saini karatasi asiyoisoma, wala hatakwenda kudai bila ya ushahidi kisha akasema ameonewa.

Jema la pili ni kuonyesha kazi. Michezo ya kubuni imewadanganya vijana ya kuwa kesi hushindwa kwa hotuba moja ya dakika ya mwisho, wakili akipiga meza na shahidi akalia. Kazi ya kweli si hiyo. Kazi ya kweli ni kusoma makaratasi usiku, kumtafuta shahidi aliyehama, kuhesabu tarehe, na kukuta ya kwamba mtu wako mwenyewe amekuficha jambo. Kijana anayefikiri uwakili ni suti na ulimi, akiona haya, atajua ya kuwa ulimi ni sehemu ndogo.

Jema la tatu ni mwalimu. Vijana kukosolewa na mtu aliyewatangulia, akawaambia wazi hapa mlikosea na hapa mlipatia, ni jambo tulilokuwa nalo katika madarsa yetu na ambalo twaanza kulipoteza. Siku hizi kila mtu ataka sifa, na anayemkosoa mwenziwe huitwa hasidi.

Na jema la nne, ambalo ndilo kubwa, ni kuwa kesi zenyewe zilikuwa za kweli. Ukweli huo ndio uliomfanya wakili aogope kukosea, na ndio uliomfanya mtazamaji asikilize. Lakini hapa ndipo wema wa mashindano hayo na aibu yake zinapokaa nyumba moja. Kwani ikiwa kesi ni ya kweli, basi na mwenye kesi ni wa kweli, na haki yake ni ya kweli, na hasara yake ni ya kweli. Tumtazame yeye sasa, maana mzee wetu alituuliza juu yake.

Wakili ni nini? Wakili ni ulimi ulioazimwa. Mtu hajui kusema, au hajui sheria, au amejawa na hasira hata hawezi kupanga maneno, basi amwazima mtu anayeweza. Tangu hapo ulimi ule ni wake, si wa mwenye kinywa. Hii ndiyo amana ya uwakili. Sasa mtie wakili huyo katika mashindano. Mbele yake pana mwenye kesi anayetaka haki yake, na nyuma yake pana mwamuzi wa mashindano ambaye ndiye mwenye kumbakisha au kumtoa. Huyu wa mbele hana cha kumpa. Huyu wa nyuma ana dola 250,000. Wahenga wetu walisema mshika mawili moja humponyoka, na msomaji ajua ni lipi litakalomponyoka. Sisemi ya kuwa mawakili wale walikhini. Huenda kila mmoja wao alitenda kwa ukweli wa moyo wake. Nasema ya kuwa waliwekwa mahali ambapo mtu mwema hulazimika kupigana na nafsi yake kila saa, na mwenye kupanga kazi vizuri hawaweki watu mahali kama hapo bila ya dharura.

Ubaya wa jambo hili waonekana zaidi tukilitazama suala la sulhu. Tuseme asubuhi ya kesi yule jirani wa mjane wetu amelainika, akaja akasema: Nimefikiri usiku, nitaushusha ukuta, tusiende mbele ya watu. Wakili wa kweli atamshukuru Mwenyezi Mungu, kwani mtu wake amepata haki na jirani wake amebaki jirani. Lakini wakili wa mashindano siku yake imeharibika. Hotuba aliyoiandika haitasomwa, shahidi aliyemtayarisha hataulizwa, na mwamuzi hana la kumpimia. Wenye kamera nao hawana la kuonyesha. Mpishi aliye katika mashindano hapendi mgeni aliyekwisha shiba.

Basi tazama jinsi mambo yalivyopinduka. Dini yetu imeisifu sulhu na kuiweka daraja ya juu, wazee wetu wa mitaa wameishi kwayo, na hata Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 159, imeziamuru mahakama zihimize mapatano na usuluhishi. Lakini katika mashindano sulhu haina nafasi. Huwezi kufanya mashindano ya mpira ambayo timu mbili zinapeana mikono kabla ya kuanza zikaenda zao. Mashindano yataka mshinde na mshindi. Magomvi ya majirani, mara nyingi, hayataki hata mmoja wa hao.

Kisha liko suala la ulimi wenyewe. Imepokewa kwa Mtume wetu (S.A.W.) ya kuwa aliwaonya waliokuja kushtakiana mbele yake: yeye ni binadamu, na huenda mmoja wao akawa hodari zaidi wa kutoa hoja, naye akamhukumia kwa yale aliyoyasikia. Akasema ya kwamba mwenye kupewa hivyo kitu cha haki ya nduguye asikichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto. Tulizingatie onyo hili. Ufasaha umetajwa humo kuwa ni hatari ambayo hakimu na mwenye kesi yampasa kila mmoja ajihadhari nayo. Mashindano ya mawakili hufanya kinyume. Huuchukua ufasaha huo huo wakaupima, wakaupa alama, na mwisho wakautunuku. Mtoto anayetazama kila wiki hufundishwa, bila ya mtu kumwambia, ya kuwa aliyesema vizuri ndiye mwenye haki. Na huo ndio uongo mkubwa kuliko yote yanayoweza kusemwa kuhusu sheria.

Wala mtazamaji hasalimiki. Kesi ya saa nyingi hukatwa ikawa dakika chache, na anayekata hatafuti kilicho muhimu kwa haki, hutafuta kilicho kitamu kwa macho. Mtazamaji amesikia sehemu, naye huondoka akidhani amesikia yote, kisha akahukumu. Twakisoma katika Qur'ani kisa cha Nabii Daud (A.S.) na wale wawili waliomwingilia mihrabuni wakigombana kwa ajili ya kondoo. Alitamka kabla ya kumsikiliza wa pili, kisha akatambua ya kuwa amejaribiwa, akaomba maghufira na kurejea kwa Mola wake. Ikiwa nabii alirejea kwa kutamka kabla ya kusikia pande mbili, sisi tuliokaa na kahawa barazani tutasema nini?

Naisema baraza kwa kuwa nimeyaona haya kwa macho yangu. Mwaka wa 2017, kesi ya uchaguzi wa urais iliposikilizwa katika Mahakama ya Juu mjini Nairobi na kuonyeshwa moja kwa moja katika televisheni, barazani kwetu hapakuwa na mahali pa kukaa. Watu waliwashangilia mawakili kama wanavyowashangilia wacheza mpira. Mmoja akisema neno la kuchoma, kikombe cha kahawa kilipigwa juu ya meza. Tarehe 1 Septemba mahakama ikaubatilisha uchaguzi. Siku ya pili yake niliwauliza wenzangu: Mahakama imetoa sababu gani? Wawili tu walinijibu sawasawa, ya kuwa uchaguzi haukuendeshwa kwa mujibu wa Katiba, na hasa katika kupeleka matokeo. Wengine walikumbuka mizaha. Nami, kama si kwamba nilisoma gazeti asubuhi ile, ningekuwa katika hao wa mizaha.

Hata hivyo kesi ile ilistahili kuonyeshwa. Lilikuwa jambo la umma mzima, na umma una haki ya kuwatazama wanaoukatia shauri. Ukuta wa mjane si jambo la umma. Ni jambo la watu wawili na mafundi wao.

Sasa tuulize: Yale mashindano ya Marekani yaliishia wapi? NBC iliyaondoa baada ya vipindi viwili tu, na vilivyobaki vikapelekwa katika stesheni nyingine iitwayo Bravo. Na sababu haikuwa kwamba haki za watu zilichezewa. Sababu ilikuwa uchache wa watazamaji. Kipindi cha Judith Sheindlin, ambacho ndani yake gomvi huisha upesi na mwenye kosa hukaripiwa mbele ya watu, kiliishi miaka 25. Hapa pana somo kubwa kwetu. Mizani ya televisheni ina jiwe moja tu la kupimia, nalo ni macho ya watu. Kesi yenye kuchosha ina haki ndani yake kama kesi yenye kuchekesha, lakini mizani hiyo haioni haki. Lau tungeanza sisi, wiki ya kwanza tungeleta ukuta. Watu wangechoka na ukuta. Wiki ya tatu mtu angesema: Tutafuteni talaka. Wiki ya tano angesema: Tutafuteni talaka yenye kelele. Na hapana hata mmoja wetu ambaye angekumbuka ni siku gani tuliacha kufundisha tukaanza kuuza.

Atasema mtu: Lakini wenye kesi wale walikubali wenyewe, walitia saini, hapana aliyelazimishwa. Na mjane wenu naye amekubali. Kwani ridhaa si ndiyo msingi wa mambo baina ya watu?

Tutamjibu: Ni kweli, ridhaa ni msingi. Walakini ridhaa nayo ina sharti zake. Nilikwenda pamoja na mke wangu kumtazama yule mama. Jirani yake amejenga ukuta uliolifunika dirisha la jikoni, na jiko lile sasa ni kama tanuri. Nikamuuliza kama kweli amekubali kupigwa picha. Akasema: "Mwanangu, wakili ataka pesa, nami sina. Huyu kijana asema bure. Ningekataaje?"

Nikamwambia: "Na kutazamwa na watu, mama?"

Akasema: "Hiyo ndiyo ada yake. Mimi nataka upepo wangu urudi." Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Na huyo jirani ni mtoto wa ami yangu. Siku nikifa, wanawe ndio watakaolichukua jeneza langu. Sijui watanitazamaje wakishacheka nami katika simu."

Ndugu msomaji, hii ndiyo ridhaa tuliyokuwa tukiitegemea. Ni ridhaa ya mtu aliyeona milango mingine yote imefungwa. Mwenye njaa akiuza mkeka wake kwa nusu ya bei, mwuzo wasihi, lakini mnunuzi mwenye imani halali vizuri usiku ule. Na sisi, ambao tungeweza kumsaidia bila ya bei, tulikuwa tukijitayarisha kumtoza aibu yake.

Atasema wa pili: Mahakama zote huwa wazi, yeyote aweza kuingia akaketi akasikiliza. Kuna tofauti gani na kamera?

Tutamjibu: Tofauti iko katika anayetazamwa. Mlango wa mahakama umeachwa wazi ili hakimu atazamwe, asipendelee, asipokee rushwa, asimwonee mnyonge gizani. Uwazi ule ni mlinzi wa mwenye kesi. Katika mashindano, mwenye kesi ndiye anayetazamwa, machozi yake na kigugumizi chake, na watazamaji hawakuja kumlinda. Mlango ni ule ule, lakini mwizi na mlinzi nao huingia kwa mlango mmoja.

Atasema wa tatu, na huyu ndiye kijana wetu: Basi tutajifunza vipi? Kesi za kubuni hazina moto.

Huyu anastahili jawabu la upole, kwani nia yake ilikuwa njema. Waarabu wana msemo juu ya kinyozi anayejifunza kazi kwa vichwa vya mayatima. Kinyozi yule huchagua kichwa cha yatima kwa sababu akikikata hapana baba wa kuja kuuliza. Haidhuru mtu kujifunza, na hapana kazi isiyo na mwanafunzi, lakini yatupasa tutazame ni kichwa cha nani tunachojifunzia. Vyuo vya sheria vya dunia vimekwisha liona hili. Yako mashindano ya Jessup, yaliyoanza mwaka wa 1960, ambayo wanafunzi wa nchi nyingi hushindana kila mwaka kwa kesi iliyotungwa. Nchi zinazogombana humo hazipo katika ramani yoyote, na mwanafunzi hukesha juu yake kwa miezi, hutetemeka mbele ya waamuzi, na hukosolewa mpaka jasho limtoke. Moto haukosekani. Anayeungua ni mwanafunzi mwenyewe, aliyeujia kwa miguu yake, wala hapana jikoni kwa mtu panapobaki bila ya upepo kwa sababu yeye alisahau hoja ya pili.

Baada ya kuyatazama haya, darsa letu lilikaa tena na kukubaliana mambo mawili.

La kwanza, mashindano yafanywe, kwani rai ya kijana ilikuwa na kheri ndani yake. Lakini kesi ziwe za kutungwa, zitungwe na walimu wenye ujuzi, na ziwe juu ya mambo yanayotuhusu: mirathi, mipaka ya viwanja, mikataba ya kazi, mikopo. Mwamuzi apime kwanza ukweli wa hoja na amana ya msemaji, kisha ndipo apime ufasaha. Na tumeongeza sharti ambalo sidhani linapatikana mahali pengine: washindani watakaoweza kuwafikisha wagomvi wao kwenye sulhu yenye insafu watapewa alama sawa na walioshinda. Picha na zipigwe, na watu watazame kadiri watakavyo.

La pili, mjane asaidiwe bila ya kamera. Wazee wawili wa mtaa wamekwisha zungumza na jirani yake, na wakili mmoja mwenye kumcha Mungu ameahidi kulisimamia jambo hilo bila ya ada ikiwa mazungumzo hayatafika. Mpaka tunapoandika haya ukuta ungali umesimama. Lakini wawili hao wamekwisha kaa kikao kimoja, jambo ambalo halikuwa kwa miezi saba, na jirani amekubali mpaka upimwe. Siku ya kupima, kijana wetu wa sheria ndiye aliyeshika kamba upande mmoja, na mtoto mkubwa wa jirani akaishika upande wa pili.

Basi turudi kwa swali la mzee wetu: huyo mama atashindania nini? Jawabu ni kuwa hashindanii kitu. Yeye anadai. Anayeshindana hutafuta ambacho bado si chake, na anayedai hutaka arejeshewe ambacho ni chake. Haki ya mtu haiwi tunzo ya mwingine, hata kama mwingine huyo ni hodari, na hata kama sisi watazamaji tumefaidika. Elimu ya sheria na ipendezwe, vijana na washindane, na walimu na wawakosoe. Lakini anayetaka kuwachezesha watu na atafute uwanja, asiusake katika ua wa mtu aliyeonewa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kusimamisha haki bila ya kujionyesha. Wabillahi tawfiq.